Unataka Kuinua Land Cruiser Yako Garissa? Haya Ndiyo Mambo ya Kujua Kabla Fundi Hajashika Spana

- Inchi 2 zinatosha kwa watu wengi wa North Eastern. Zaidi ya hapo unaanza kununua shida
- Springi huchaguliwa kwa uzito unaobeba kila siku. Luku inakuja baadaye
- Gari ikipanda, breki, usukani na propela shafti lazima zirekebishwe pia

Simama kidogo kwenye daraja la Tana, pale unapotoka Madogo kuingia Garissa, uangalie ndai zinazopita. Land Cruiser pikapu imejaa magunia, Prado ya shirika fulani inaelekea Dadaab, Hilux ya miraa inapita mbio kama imeibiwa, halafu Probox iliyoinuliwa mpaka unajiuliza dere alitumia ngazi. Karibu kila ya tatu imeguswa sasipensheni.

Na si maringo tu. Toka nje ya lami uelekee Fafi, Balambala ama Hulugho, utajua kwa nini. Kuna mchanga unaomeza tairi, kuna laga zenye kingo kali, na kuna barabara za mawimbi-mawimbi zinazotingisha meno kwa kilomita mia. Mvua ya Gu ikipiga kuanzia Aprili, ama Deyr kuanzia Oktoba, ule udongo mweusi unanata hadi gari inalalia tumbo.

Kwa hivyo wasee wanainua. Shida ni vile wanainua. Wengi wanabadilisha springi, wanapiga picha, wanapost, kisha baada ya miezi miwili usukani unatetemeka, paipu ya breki imekatika ama gari imelala ubavu kwenye kona. Hapa tunakuchanua kila kitu: nini inafanya kazi, nini ni uongo wa mtaani, na siku ya kazi fundi anatakiwa kufanya nini.

Kuinua gari maana yake ni nini?

Seti ya kuinua, ile mtaani wanaita tu "lifti", ni springi ndefu ama ngumu zaidi pamoja na shoki za kuzilinganisha. Zinasukuma bodi na chasisi zikae juu zaidi ya ekseli. Ya kawaida kabisa ni milimita 50, yaani inchi 2.

Springi ndiyo inabeba uzito. Shoki haibebi kitu. Kazi ya shoki ni kutuliza springi isiruke-ruke kama mpira. Fundi akikuambia ununue shoki kubwa ili gari ibebe mzigo zaidi, huyo hajui kazi ama anajua ila anataka doo zako.

Jambo la pili litakushangaza. Kwenye gari yenye ekseli nzima, kama Land Cruiser pikapu, kuinua springi hakupandishi difu hata milimita moja. Ekseli imekaa kwenye tairi, na tairi ni zile zile. Kinachopanda ni bodi, chasisi, tangi la mafuta na bampa. Hiyo inasaidia sana ukishuka laga ama ukipanda kingo, kwa sababu pua na mkia havigusi chini haraka. Lakini jiwe lililokuwa linagonga difu jana litagonga difu kesho.

Difu inapandishwa na tairi kubwa peke yake, na inapanda nusu tu ya tofauti. Mfano: tairi ya 265/70R16 ina kimo cha karibu milimita 777. Ya 285/75R16 ina karibu 834. Tofauti ni 57, kwa hivyo difu inapanda kama milimita 28. Tena spidomita inaanza kukudanganya. Ikisoma 80, wewe uko karibu 86. Weka hiyo akilini ukiona polisi na kile kimashine chao.

Anza na mzani

Kabla hujapiga simu Nairobi kuulizia seti, chukua karatasi. Andika kila kitu kinachokaa kwenye gari siku zote, hata ikiwa haina abiria: bampa la chuma la mbele, winchi, keria, tairi mbili za spea, jeki, tangi la ziada, sanduku la vifaa.

Sasa andika mzigo wa kawaida wa safari. Maji lita 1 ni kilo 1, kwa hivyo dramu la lita 200 ni kilo 200 bila kuhesabu dramu lenyewe. Dizeli ni nyepesi kidogo, lita 200 ni karibu kilo 170. Magunia 10 ya mchele ya kilo 50 ni nusu tani. Halafu kuna wale wasee 8 wanaopanda nyuma ukifika Modogashe.

Springi za kampuni kubwa za Australia zinazojulikana huku, kama Old Man Emu, Ironman 4x4 na Tough Dog, zinauzwa kwa makundi ya uzito. Kuna za gari tupu, kuna za mzigo wa wastani wa kudumu, na kuna za mzigo mzito. Neno la kuangalia hapo ni *kudumu*. Ukinunua za mzigo mzito na gari yako inatembea tupu siku 6 kwa wiki, itakuwa ngumu kama mkokoteni. Itaruka kwenye mawimbi ya barabara, tairi zitapoteza mshiko, na mgongo wako utalia. Ukinunua za gari tupu halafu unabeba tani, mkia utalala chini na pua itaangalia mawingu. Taa zitawapofusha watu wa mbele na usukani utakuwa mwepesi vibaya.

Na tafadhali, springi ngumu haiongezi uzito ambao gari inaruhusiwa kubeba. Ekseli, breki, beringi na chasisi ni zile zile zilizotoka kiwandani. Ile sahani ya chuma yenye uzito wa juu kabisa haibadiliki kwa sababu umeweka lifu mpya.

Jua ndai yako kwanza

*Land Cruiser za zamani, kabla ya 1999.* Hizi za 75 zina springi za lifu mbele na nyuma. Ni rahisi kuinua na kila fundi wa Garissa anazijua. Zinarusha kidogo lakini ni ngumu kuvunjika.

*Land Cruiser 78 na 79, kuanzia 1999.* Toyota ilibadilisha mbele ikaweka koili, nyuma ikabaki lifu. Ekseli ya mbele inashikiliwa na mikono miwili mirefu ya chuma pamoja na fimbo moja ya kukingama inayoitwa panhadi. Hii ndiyo pikapu nyingi unazoziona huku, na maelezo ya fundi hapa chini yanalenga hii.

*Prado 120 na 150.* Mbele kila gurudumu linajitegemea, nyuma kuna ekseli nzima na koili. Ukivuka inchi 2, sivi jointi zinafanya kazi zikiwa zimepinda sana, na mipira yake inapasuka. Mchanga ukiingia, hesabu siku. Zaidi ya inchi 2 utahitaji mikono mipya ya juu, na hapo bei inaanza kuwa noma.

*Probox.* Najua, najua. Ni gari ya kubeba mikate lakini huku inafanya kazi ya Land Cruiser. Nyingi zinainuliwa kwa spesa, vipande vya chuma ama plastiki ngumu vinavyokaa juu ya shoki. Usizidi inchi 1 ama 1 na nusu. Sivi jointi za mbele ndizo zinazoisukuma gari, zikienda umelala porini.

Seti kamili ina nini ndani?

Hapa ndipo watu wanachezwa. Unaambiwa "seti" halafu unapewa springi nne na shoki nne. Hiyo ni nusu ya kazi. Kwa 79 ya kuinuliwa inchi 2, uliza hivi vyote:

1. Springi. Koili mbili za mbele, lifu mbili za nyuma, za uzito uliouandika kwenye ile karatasi.

2. Shoki zenye urefu unaolingana. Shoki fupi itavutwa kila gurudumu likishuka shimoni, mpaka ing'oe mahali iliposhikizwa. Shoki ndefu kupita kiasi itagonga mwisho wake kabla ule mpira wa kuzuia mgongano haujafanya kazi, na itajifinya yenyewe ndani.

3. Yubolti mpya na bushi mpya. Yubolti ikishakazwa mara moja imeshanyooka. Usirudishe ya zamani hata kama inang'aa.

4. Bushi za kasta. Kasta ni ule mlalo unaofanya usukani urudi katikati wenyewe. Angalia uma wa mbele wa bodaboda ulivyolala kuelekea nyuma, ndiyo hiyo. Ukiinua 79 mbele, ile mikono mirefu inazungusha ekseli na mlalo unapungua. Gari inaanza kutangatanga barabarani na usukani unakuwa mlegevu. Bushi maalum zenye tundu lililosogezwa pembeni zinarudisha mlalo.

5. Panhadi ya kurekebisha urefu. Bodi ikipanda, hii fimbo inavuta ekseli upande mmoja. Kwa inchi 2 inasogea kidogo, wengine wanavumilia. Zaidi ya hapo usivumilie.

6. Paipu za breki ndefu, ama vishikizo vya kuzishusha. Paipu ya mpira iliyotoka kiwandani ilipimwa kwa kimo cha kiwandani. Gurudumu likining'inia kwenye laga, paipu isiwe ndiyo inashikilia ekseli.

7. Kishikizo cha valvu ya breki ya nyuma. Hii wengi hawaijui kabisa, soma hapa chini.

Valvu inayosoma mzigo

Chungulia chini ya Land Cruiser nyingi za kazi, karibu na ekseli ya nyuma. Utaona kifimbo chembamba kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Kile kifimbo kinapima mkia umelala kiasi gani. Mkia ukiwa chini, valvu inajua gari imebeba na inapeleka breki nyingi nyuma. Mkia ukiwa juu, inajua gari ni tupu na inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukateleza.

Sasa umeinua mkia inchi 2. Valvu haina macho. Inaona mkia uko juu na inaamini gari ni tupu, hata kama una tani ya sukari nyuma. Breki za nyuma zinapungua wakati unazihitaji zaidi, kazi yote inaangukia breki za mbele, zinachemka, na gari inakawia kusimama.

Dawa yake ni kishikizo kidogo cha kusogeza kile kifimbo ama valvu kwa kiasi ulichoinua, halafu kurekebisha kufuata kitabu cha gari. Ni kipande cha bei ndogo kuliko tairi moja. Ukiuliza swali moja tu kwa fundi kabla ya kumpa kazi, uliza hili: "Valvu ya breki ya nyuma utaifanyaje?" Akikuangalia kama umemuuliza kwa Kichina, sema asante uende gereji ya jirani.

Siku ya kazi, hatua kwa hatua

Nyingi ya kazi hii inaweza kufanywa na fundi mzuri wa jua kali hapa hapa Garissa. Haihitaji maajabu, inahitaji utaratibu.

*Jana yake.* Osha chini ya gari na umwagie nati zote mafuta ya kulegeza kutu. Pima kila kona, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake. Andika. Bila hizo namba hutajua umeinua kiasi gani wala kama gari inaegemea upande.

*Mahali.* Simiti iliyolala sawa. Kama ni mchanga tu ulioko, weka mbao nene na pana chini ya jeki na stendi. Jeki ikizama mchangani, gari inakuja na wewe uko chini. Zuia magurudumu yanayobaki kwa mawe. Stendi zikae kwenye chasisi, si kwenye ekseli, kwa sababu ekseli lazima ishuke. Na mtu asiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, hata "kwa dakika moja tu."

*Nyuma kwanza.* Shikilia ekseli kwa jeki ya pili. Fungua shoki, legeza kishikizo cha paipu ya breki, toa kile kifimbo cha valvu. Fungua yubolti, kisha pini za mbele na nyuma za lifu. Shusha ekseli polepole huku mtu mmoja kazi yake ikiwa kuangalia paipu tu. Weka lifu mpya. Ile bolti ya katikati lazima ikae ndani ya tundu lake kwenye ekseli, isipokaa gari itatembea kama kaa. Kaza yubolti kwa kupokezana, kidogo kidogo, pande zote sawa. Pini za lifu zifunge kwa mkono tu kwanza.

*Mbele.* Ekseli ikishashikiliwa na jeki, fungua shoki, fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona, na panhadi. Shusha ekseli mpaka koili zitoke. Bushi za kasta zinaingizwa kwa presi. Usikubali nyundo. Na zina upande: zikigeuzwa kinyume zinapunguza mlalo badala ya kuuongeza, gari inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Rudisha koili mpya, hakikisha mwisho wa waya umekaa kwenye kitako chake.

*Shusha gari chini, ndipo ukaze.* Hii ndiyo siri ya bushi kudumu. Ukikaza pini na mikono wakati magurudumu yananing'inia, bushi zinashikwa zikiwa zimekunjwa. Gari ikishuka zinajisokota, na baada ya miezi michache zimechanika. Shusha, tikisa bodi juu chini mara kadhaa, halafu kaza kwa spana ya toki kufuata namba za kitabu.

*Kwa wenye Prado na Probox.* Springi ya mbele imebanwa pamoja na shoki. Kuifungua bila kifaa imara cha kubana springi ni kucheza na risasi. Springi ikiruka inaweza kuua. Hiyo kazi ipeleke kwa mwenye mashine, na usisimame mbele yake.

Usiondoke gereji kabla ya haya

Geuza usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto. Tairi inagusa kitu? Paipu ya breki inavutika? Nyaya za ABS, kama unazo, zimelegea vya kutosha?

Pima tena zile kona nne ulinganishe na karatasi ya jana.

Rekebisha taa za mbele zishuke. Umepandisha pua, zinaangaza macho ya dere wa lori anayekuja kutoka Mwingi saa nane za usiku.

Fanya alainmenti kwenye mashine, uombe karatasi yenye namba za kasta kabla na baada. Kama ulikuwa na gari ya kutangatanga, hiyo karatasi ndiyo itakuambia kwa nini.

Jaribu breki mahali peupe, mara 5 ama 6 kwa mwendo mdogo, kwanza tupu kisha na mzigo. Sikiliza propela shafti ukifika kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Mtetemo mpya maana yake pembe za krosi zimebadilika na zinahitaji kurekebishwa. Ukiupuuza, krosi itakwisha.

Halafu hii kila mtu anasahau: kaza tena nati zote baada ya kilomita 500, na uangalie tena zikifika 1,000. Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Maana yake safari moja ya kwenda na kurudi tayari umepitisha. Yubolti iliyolegea inaacha ekseli ikicheza, na ile bolti ya katikati inakatika.

Janja za mtaani ambazo zitakuumiza

*Kuongeza vipande vya lifu vya gari nyingine.* Nyuma, kwa lori la shamba linalotembea polepole, watu wamefanya miaka mingi. Lakini lifu zisizolingana zinabeba uzito visivyo sawa, moja inafanya kazi ya zote, halafu inavunjika. Haitengenezi springi zilizochoka.

*Kuchoma springi kwa gesi ili zinyanyuke ama zikunjwe upya.* Moto unaharibu ugumu wa chuma. Itakaa wiki, kisha italala ama kukatika.

*Shako ndefu.* Ukiongeza shako inchi 2, gari inapanda kama inchi 1 tu, na ukifanya mbele kwenye gari ya lifu unaharibu kasta. Zikiwa ndefu sana, gari inayumba pembeni.

*Mbao ama vipande vya chuma kati ya ekseli ya mbele na lifu.* Hapana. Ukipiga breki, ekseli inajaribu kujizungusha na hicho kipande kinaweza kuruka. Hapo huna usukani wala breki.

Rahisi ni ghali, walalo.

Kona sasa si rafiki yako

Kuna hesabu ndogo ambayo wataalamu wa usalama wa magari hutumia. Chukua nusu ya upana kati ya magurudumu, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likishuka, gari ni rahisi kupinduka.

Tuseme upana ni mita 1.5, na kitovu kiko mita 0.75 kutoka chini. Nusu ya 1.5 ni 0.75, kwa hivyo jibu ni 1.0. Kitovu kikipanda sentimita 5, jibu ni 0.94. Umepoteza asilimia 6 kabla hujaweka kitu kwenye keria. Sasa panga juu magodoro, jerikeni, mbuzi wawili na tanboi. Ile kona uliyokuwa unaichukua bila kufikiria ukiwa spidi ya 90, sasa ina masharti.

Ndiyo maana mzigo mzito ukae chini, katikati ya ekseli mbili, na keria ibebe vitu vyepesi. Gari iliyoinuliwa inaendeshwa polepole kuliko ya zamani, hata kama inaonekana ngumu zaidi.

Kuinua gari hakuifanyi boti

Hii tuiongee kwa uzito. Mafuriko ya Tana si hadithi. Aprili 2024 basi lililokuwa na abiria 51 lilisombwa na maji katika Kaunti ya Tana River, kwenye njia ya Garissa. Kwa bahati wote waliokolewa. Hilo ni basi, na liko juu kuliko Land Cruiser yoyote ya inchi 2.

Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 60 tu yanaweza kubeba pikapu na SUV. Wewe umeongeza sentimita 5. Tena njia ya hewa ya injini imepanda hizo hizo 5 tu, ikivuta maji injini imekwisha. Na laga ni msaliti: juu ya kichwa chako jua linawaka, kumbe mvua imenyesha mbali huko juu na maji yanakuja. Laga ikiwa na maji yanayokimbia, zima gari, pika chai, subiri. Hakuna mzigo wa miraa wenye thamani ya roho.

NTSA na bima je?

NTSA ndiyo inayosimamia usajili na ukaguzi wa magari Kenya. Kabla hujabadilisha gari, hasa ukivuka inchi 2 ama ukiweka tairi kubwa, ulizia kama mabadiliko yanahitaji ukaguzi. Gari ya abiria ama ya kazi ndiyo usithubutu kukisia.

Bima nayo ni hivyo hivyo. Mwambie wakala wako kwa maandishi, pata jibu kwa maandishi. Gari ikipinduka halafu mkaguzi akute springi ambazo hazikutajwa, umewapa sababu ya kukunyima. Weka risiti zote, ile karatasi ya alainmenti na vipimo vyako vya kona.

Lakini unahitaji kweli?

Swali la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza. Kama shida yako ni kukwama mchangani, jaribu kitu cha bure: punguza upepo wa tairi. Kutoka psi 35 hadi 18 ama 20, tairi inalala, inakuwa pana, na inapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Enda polepole, usikate kona kali isije ikachomoka kwenye rimu, na uwe na pampu ya kurudisha upepo kabla ya lami. Wengi walioinua gari ili wasikwame walihitaji pampu.

Kama mkia umelala kwa sababu springi zimechoka, springi mpya za uzito sahihi zitakurudishia kimo bila makeke. Kama shoki zinachemka na gari inarukaruka kwenye mawimbi ya kuelekea Dadaab, nunua shoki nzuri, kimo kiache.

Lakini kama kweli unagonga chini kila wiki, una bampa na winchi, unabeba maji na watu mbali na lami, basi inua. Inchi 2, springi za uzito wako, breki na kasta zimefuata, nati zimekazwa mara ya pili. Kama doo hazitoshi seti yote, usifanye nusu. Subiri mwezi mwingine, ndai yako bado inatembea.